Kicheko cha Kashasha hakikuwa mzaha

Siku ya Jumanne, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya kati ya bweni iliyoendeshwa na misheni huko Kashasha walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159. Walicheka, wakalia, wakatulia, kisha wakaanza upya. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache, kwa wengine iliwarudia hadi siku 16. Walihangaika huku na huko kama wanaokimbia kitu, na waliposhikwa ili watulizwe walipigana na waliowashika. Walimu wao hawakupatwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na kicheko kikaondoka pamoja nao. Kule Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa ndani ya wiki chache, wengi wao wanafunzi na vijana. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba: 48 kati ya 154. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tena mwezi Mei, ikafungwa kwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Hakufa mtu.

Wakati huo Muleba, wilaya ya mkoa wa Kagera ambamo Kashasha imo leo, ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Bukoba, na ndiyo maana jambo hili liliandikwa kwa jina la Bukoba. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliliandikia ripoti mwaka 1963. Walikuwa wamepima damu, wakapima na maji ya uti wa mgongo, wasione sumu wala kijidudu. Wakahitimisha kwamba ni mshtuko wa nafsi unaoambukizana katika kundi. Tangu hapo habari ya Kashasha imezunguka dunia nzima, na kila inapopita huzidishwa chumvi: watu walicheka mwaka mzima bila kupumua, kijiji kizima kilianguka kwa mzaha mmoja uliokolea. Inasimuliwa ili wasikilizaji nao wacheke.

Jambo hili linaniuma. Wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, walilia na kupiga kelele mpaka shule ikafungwa mara mbili, na sisi tuliobaki tumelihifadhi tukio lao kwenye kapu la vichekesho. Miaka zaidi ya 60 imepita, na bado swali linaloulizwa ni lile lile: walikuwa wanachekea nini? Sijaona likiulizwa sana swali la pili, kwamba ni jambo gani walishindwa kulisema kwa njia nyingine yoyote.

Wenyeji nao walikuwa na maelezo yao. Ugonjwa waliuita *enwara yokusheka*, wengine wakauita *akajanja*. Kuna waliosema unga wa mahindi umetiwa sumu. Kuna waliosema hewa imechafuka kwa mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa huko mbali miaka ile. Siwadharau hata kidogo, kwa maana mabomu yalikuwa yakilipuliwa kweli na hofu yao ilikuwa na msingi. Ila tazama maelezo yote yanaelekea wapi: gunia la unga, mbingu, wageni wasioonekana. Hakuna linaloelekea bwenini, wala kwenye ratiba ya siku, wala kwenye mzigo aliotwishwa msichana wa Kihaya aliyetumwa shule kwa matumaini ya ukoo mzima, katika nchi ambayo haikuwa imetimiza hata miezi miwili tangu ipate uhuru wake. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann aliipitia upya habari hii, akaonyesha kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi, na kwamba chanzo kilikuwa shinikizo ambalo wasio na nguvu hawakuwa na namna ya kulikataa. Sayansi ilifika mahali pazuri, lakini ilifika ikiwa imechelewa miaka 45. Fasihi ingeweza kufika mapema.

Nina maana ya fasihi ya aina moja hasa, ile ambayo wahakiki wetu huiita ya uhalisia mazingaombwe. Kanuni yake ni nyepesi. Jambo lisilowezekana linatokea mchana kweupe, sokoni na jikoni, na mwandishi halitolei maelezo. Mfu anarudi kudai deni lake, nchi inaelea hewani, mvua inanyesha miaka. Kwa kuwa mwandishi hataki kutueleza limewezekanaje, macho yetu hayana pa kwenda isipokuwa kwa watu waliolizunguka: nani amefunga mlango, nani amefungua duka, nani amejifanya hakuona. Ajabu inakuwa kipimo, na kinachopimwa ni tabia yetu.

Mfano unaojulikana zaidi duniani umetoka Kolombia. Katika riwaya yake ya 1967, Gabriel García Márquez aliuingiza mji wa Macondo katika tauni ya kukosa usingizi. Wakazi hawaogopi. Wanafurahi, maana kazi ni nyingi na sasa wamepata muda wa kuzimaliza. Ni baadaye ndipo wanapogundua kwamba asiyelala anasahau, na anaanza kusahau majina ya vitu, kisha matumizi yake, kisha yeye mwenyewe ni nani. Márquez hakuhitaji kuhubiri juu ya tamaa ya mali wala haraka ya maendeleo. Alituonyesha watu wanaoipokea hasara yao kwa shangwe kwa sababu imekuja na sura ya faida. Nimewahi kuona watu wakiuza kibanja cha mababu kwa shangwe ya namna hiyo hiyo, na nikadhani naisoma Macondo.

Sisi wa Kiswahili hatukusubiri Macondo. Shaaban Robert aliiandika *Kusadikika* miaka mingi kabla ya Márquez, na nchi ile inaelea angani bila kushikwa na chochote. Huko wajumbe wanatumwa pande zote kutafuta maarifa yatakayoifaa nchi, wanateseka njiani, na wakirudi na maarifa hayo wanatiwa gerezani. Karama, anayesimama mbele ya baraza kuwatetea, ni mshitakiwa naye. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba hicho ni kitabu cha ukoloni, na ni kweli. Lakini ukoloni umekwisha, na kitabu hakijaisha. Kinasema jambo gumu zaidi kuhusu binadamu, kwamba tunamtuma mtu akatuletee ukweli, kisha tunamchukia kwa kuuleta. Wasichana wa Kashasha walitumwa shuleni walete nuru. Waliporudi nyumbani na mwili unaotetemeka, habari waliyoileta haikuwa ile iliyotarajiwa, na haikupokewa.

Said Ahmed Mohamed, katika *Babu Alipofufuka* ya mwaka 2001, alimtoa mzee kaburini aje kumkabili mjukuu wake K, kigogo aliyeshiba kwa jasho la watu. K ana ulinzi, ana cheo, ana kila kitu cha kumzuilia mlalahoi asimfikie. Hana cha kumzuilia marehemu. Hapo ndipo penye ustadi wa riwaya hiyo: mwandishi alijua kwamba katika nchi zetu mwenye mamlaka hawezi tena kuambiwa ukweli na aliye hai, kwa hiyo akamtuma aliyekufa. Ngũgĩ wa Thiong'o alifanya jambo la jamaa yake katika *Shetani Msalabani*, ambako wezi na wanyang'anyi wanashindanishwa hadharani ili ijulikane ni nani bingwa, na wanajisifu kwa vifua vilivyotuna. Huo ndio udhaifu wa binadamu nisiouona ukichorwa vizuri hivyo mahali pengine. Wizi peke yake ni jambo la kawaida katika fasihi. Ngũgĩ aliona fahari ya mwizi, kiu yake ya kushangiliwa na wale wale aliowaibia.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ndani ya ziwa lile lile linaloosha ufukwe wa Bukoba, alikwenda mbali kuliko wote katika *Nagona* ya 1990 na *Mzingile* ya 1991. Wasomaji wengi hulalamika kwamba vitabu hivyo havieleweki. Sikatai kwamba ni vigumu. Ila ugumu wake unatokana na ujasiri wa kulitazama jambo ambalo riwaya zetu nyingi huliacha nje ya ukumbi: kwamba binadamu, hata baada ya kuondolewa mkoloni, bepari na kiongozi mwovu, bado anabaki na kitu ndani yake kinachopenda kuangamiza. Alifariki mwaka 2020, na naona hatujamlipa usomaji anaostahili.

Nikirudi Kagera yenyewe, nakuta kwamba maajabu ya namna hii yalikuwa shule kabla ya shule. Wahaya walikuwa na utenzi wao wa enanga, ulioimbwa kwa zeze la nyuzi lililolazwa mapajani, ambao Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwenyeji wa huko huko, aliuandikia tasnifu mwaka 1986. Walikuwa na ngano ambazo Peter Seitel alizikusanya na kuzitolea kitabu mwaka 1980, na jina la kitabu hicho alilichukua kwenye ombi la wasikilizaji kwa msimulizi, kwamba aone ili nao wapate kuona. Msimulizi alikuwa amekwenda mahali wasikofika wao, na kazi yake ilikuwa kuwapa macho.

Pale Katuruka, karibu na Maruku, kuna simulizi la Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara, aliyewakusanya wafua chuma wamjengee mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Mnara ukaanguka. Kwa muda mrefu wasomi kutoka nje wangeliweka simulizi hilo kwenye rafu ya hekaya na kuliacha hapo. Lakini wazee wa Katuruka walipoulizwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt, walimwonyesha mahali penyewe, penye mti wa Kaiija. Mwaka 1970 alichimba pale, akakuta mabaki ya ufuaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha makala katika jarida la *Science* kuhusu ustadi wa mababu wa Buhaya katika kuyeyusha chuma, na dunia ikashangaa.

Watu wa Kagera wanajivunia ugunduzi huo, na wana haki. Mimi naomba tusiipite haraka sehemu ya kwanza. Kizazi baada ya kizazi, watu ambao walijua chuma kuliko majirani zao wote walichagua kuikumbuka sifa yao kuu kwa hadithi ya kuanguka. Wangeweza kusimulia mnara uliosimama. Walisimulia mfalme aliyetaka kuona mbingu ilivyo, na mafundi waliokata miti, wakachoma mkaa na kuvukuta moto kwa ajili ya tamaa ya mtu mmoja. Hiyo ni elimu ya uongozi ambayo sijaiona katika mtaala wowote. Na mapokeo ya Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya eneo hili, yana jirani yake: Wamara, mtawala aliyeshuka kuzimu na kupewa zawadi nyingi, akarudi duniani, akanogewa na neema hata akasahau kushukuru, na mauti ikatumwa kumfuata. Kosa lenyewe ni dogo, la mtu yeyote. Ndiyo maana linatisha.

Sasa nakuja kwenye pingamizi, na silichukulii kwa wepesi kwa sababu linatoka kwa watu ninaowaheshimu: walimu, wachungaji, wazazi. Wanasema Kanda ya Ziwa imeumizwa mno na imani za kichawi, hivyo mwandishi anayejaza kitabu chake wafu wanaotembea na wachawi wanaoruka anaongeza kuni kwenye moto. Bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa jikoni. Mwezi Mei 2024, hapa hapa Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino alichukuliwa kutoka nyumbani kwao, na mwezi Juni mwili wake ukapatikana umeondolewa viungo. Baada ya hilo, wanauliza, bado unataka hadithi za mazingaombwe?

Nazitaka zaidi. Na sababu yangu naitoa katika historia ya mkoa huu.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Vita na Idi Amin vilikuwa vimemalizika miaka minne tu kabla, magendo yalikuwa yamestawi mpakani, na vijana walikuwa wakivuka kwenda kufanya biashara na kurudi na pesa na mavazi ya kisasa. Walipoanza kukonda na kufa, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo ya mtindo iliyoingia kwa njia hizo. Ikasemwa kwamba wafanyabiashara wa upande wa pili waliodhulumiwa mali zao wamewatupia uchawi wadaiwa. Lilikuwa simulizi kamili: lina nguo, lina deni, lina kisasi. Lilifanya kazi moja kubwa, kumwondolea kila mmoja wajibu wa kujitazama. Kama ni uchawi wa mdai, basi mimi nisiyedaiwa niko salama, na sina sababu ya kubadili mwenendo wangu wa usiku. Vibanja vikajaa makaburi, na bibi wakabaki kulea wajukuu waliopoteza baba na mama.

Tofauti iko hapo. Ushirikina na riwaya ya maajabu vyote viwili vinatumia lisilowezekana, ila vinalisukuma kuelekea pande zinazopingana. Ushirikina unalitoa kosa ndani yangu na kulipachika kwenye mwili wa mwingine: bibi mwenye macho mekundu, mtoto mwenye ngozi nyeupe, mfanyabiashara wa ng'ambo. Unamaliza maswali. Mtu aliyeamini kwamba kiungo cha mtoto kitamletea utajiri hana tena maswali juu ya utajiri, wala juu ya mtoto. Riwaya nzuri ya maajabu inalitoa kosa kule lilikopachikwa na kunirudishia mimi. Nikimaliza *Babu Alipofufuka* simtafuti mchawi mtaani. Najiuliza babu yangu akitoka kaburini leo atanikuta nakula nini, na kimetoka kwa nani.

Tena naongeza kwamba hadithi isiyo na ajabu mara nyingi imeshindwa katika kazi hii. Tumekuwa na riwaya nyingi za kihalisia juu ya ushirikina, na karibu zote zina mganga mwovu, kijana msomi na mwisho ambao mwovu anafungwa. Msomaji anatoka ameridhika, maana mganga yule hafanani naye hata kidogo. Kwa uzito wa yaliyotokea Muleba mwaka 2024 hatuna haki ya kuridhika. Anayeagiza kiungo cha binadamu ana simu nzuri, ana biashara, huenda anatoa sadaka. Hawezi kuonekana kwa urahisi kwa sababu anafanana nasi, na kumfichua kunahitaji kalamu iliyo tayari kuuvunja ukuta wa yale yanayoonekana. Ninamwazia mwandishi atakayeandika juu ya mji ambao kila aliyenyamaza siku ile anaamka asubuhi na kukuta kivuli chake kimepungua kiungo kimoja. Wataulizana sokoni, watafungiana milango, watatafuta vitambaa vya kuficha. Na hakuna atakayehitaji kueleza kivuli kimekatwaje.

Kicheko cha Kashasha kinangoja mwandishi wa namna hiyo hiyo. Riwaya hiyo isingehangaika na gunia la unga. Ingekikubali kicheko kama ukweli wa mahali hapo, jinsi mvua inavyokubaliwa, kisha ikawafuata watu wazima: aliyefunga shule na kuwasafirisha wagonjwa hadi vijijini, mzazi aliyeona aibu, jirani aliyezuia wanawe wasichote maji pamoja na msichana aliyerudi, mgeni aliyeandika habari na kuituma mbali ikachekwe. Ingetuonyesha jinsi tunavyoweza kulisikia kila neno la mtoto wa kike isipokuwa lile analolisema.

Mwandishi huyo akae Kagera au aijue vizuri, ili asiifanye Nshamba kuwa Macondo. Aijue harufu ya kahawa ikianikwa uani, na njia ya kupanda kwenda Kamachumu wakati wa mvua. Tuzo zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, inapokea miswada ya riwaya ya Kiswahili. Nawaomba majaji wake nao wasiiogope miswada ambayo wafu wanasema ndani yake.

Na kuna jambo la haraka kuliko tuzo. Wanafunzi wa Kashasha, Nshamba na Rwamishenye wa mwaka 1962 ambao bado wako hai sasa wana umri wa miaka 75 na kuendelea. Ni akina bibi wa watu, huko Muleba na Bukoba na pengine mbali zaidi. Kama wewe unayesoma ni mjukuu wa mmoja wao, kaa naye wiki hii, kwa hiari yake na kwa heshima anayostahili. Usianze kwa kumuuliza alicheka nini. Muulize maisha ya bweni yalikuwaje, waliamka saa ngapi, waliogopa nini, nani aliwasikiliza. Kisha andika anayokuambia kwa maneno yake mwenyewe, na uyatunze.